Mwaka Ambao Nyumba Yangu Haikutoa Moshi

Kaa vizuri, wewe utakayenisikiliza kupitia karatasi hii. Kama una kikombe cha chai, kinywe kikiwa bado cha moto, maana nikieleza jambo huwa sina haraka, na waliopita darasani kwangu watakuambia hivyo hivyo. Mwezi uliopita tulimzika Mama Anaeli, jirani yangu wa miaka mingi, pale kijijini kwetu Akheri, pembeni ya migomba yake mwenyewe. Baada ya maziko, wakati vyombo vinaoshwa, akina mama vijana wa usharika walinisogelea na viti vyao vya plastiki. Usharika umetangaza siku ya kufunga na kuomba, nao walikuwa wamesikia kwamba zamani, wakati wa Mwingereza, mimi ndiye niliyefundisha somo hilo hapa kwa mara ya kwanza, na kwamba siku yenyewe iliharibika. Mmoja wao akaniuliza kwa adabu, "Bibi, ni kweli ulikunywa maziwa siku ya mfungo, mbele za watu?" Nikamwambia ni kweli. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Sikuwa nimekasirika. Ni kwamba aliyeniambia niyanywe maziwa yale ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia, na nilihitaji muda kidogo kabla ya kujibu. Sasa muda nimeupata, na jibu ni refu.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni, na Jumapili alasiri niliwafundisha akina mama kusoma Biblia. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la nyasi, na jiko la mafiga matatu kwenye kibanda cha nyuma. Mume wangu alikuwa fundi cherehani mjini Arusha. Alishonea kwenye baraza la duka la tajiri mmoja wa Kihindi, Mwislamu, akapanga chumba mtaa wa Kijenge, na kila Jumamosi alipanda kwa baiskeli kuja nyumbani. Tulikuwa na mtoto mmoja, Neema. Alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika ukuta, na chokaa ilikuwa imefutika kwa urefu wa mkono wake kuzunguka chumba kizima, mstari wa kijivu kama ule unaoachwa na maji ya mfereji yakishuka. Surua ilimchukua baada ya Krismasi. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu hata wakati ule sikuwa na la kueleza. Watu walikuja, wakaimba, wakapika uani, wakaondoka. Mimi niliketi nikiutazama ule mstari wa ukutani, nikingoja nisikie kitu ndani yangu. Nilichosikia ni kwamba mkeka ulikuwa mgumu.

Hapa inabidi nikueleze desturi, la sivyo yanayofuata hutayaelewa. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto wake. Majirani ndio wanaopika kwao na kuleta, na mtu akitazama kutoka mbali akaona nyumba haina moshi asubuhi, anajua kuna kifo, anachukua alicho nacho na kwenda. Siku matanga yanapoanuliwa, jirani wa karibu huleta kaa la moto kutoka jikoni kwake, mwenye nyumba anawasha tena, moshi unatoka, na watu wanaendelea na kazi zao. Mama Anaeli aliniletea kaa hilo kwenye kigae cha chungu. Nilimshukuru, nikaliweka katikati ya mafiga, nikarudi kuketi. Likazima. Kesho yake jioni, akitoka kukamua, akaleta jingine. Nikalipokea pia. Hakuniuliza la jana lilikwendaje, aliona majivu. Akaendelea hivyo, jioni baada ya jioni, na mimi nikaendelea kumshukuru na kuliacha kaa lizimie kwenye kigae chake, na jiko langu likabaki baridi mpaka buibui wakajenga kati ya mafiga.

Kitu kingine kilichobadilika ni jina langu. Kabla ya hapo kila mtu aliniita Mama Neema, hata wazazi wa wanafunzi. Baada ya maziko hawakujua waniite nani, wakaanza kuniita Mwalimu, mmoja mmoja, kana kwamba wamekubaliana mahali. Sikuwalaumu. Nilikwenda shuleni, nikafundisha a, e, i, o, u, nikasahihisha vibao. Saa ya uji wa watoto nilikunywa vijiko kadhaa ili wasinitazame. Nyumbani Mama Anaeli aliniletea loshoro, yaani mahindi na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa mgando, chakula ambacho utotoni ningekilamba mpaka chini ya bakuli. Nilikoroga. Nilikoroga mpaka kikawa kigumu, kisha nikawapa kuku. Haikuwa huzuni, au kama ilikuwa huzuni haikuwa na ladha ya huzuni. Mdomo wangu ulikuwa kama wa mtu mwingine, na njaa ilikuwa habari niliyoisikia juu ya watu wengine.

Mume wangu hakuwa msemaji. Alinipima kwa kazi yake. Jumamosi moja aliniona kwenye gauni langu la kanisani, akaniomba nilivue, akaondoka nalo mjini na kulirudisha limepunguzwa kiunoni. Baada ya majuma kadhaa akalichukua tena, akalipunguza tena. Hakuniuliza kitu. Lakini siku moja nikiwa ndani nilimsikia akizungumza na Mama Anaeli kwenye uzio wa miti ya masale. Alimuuliza kama nakula. Mama Anaeli akasema, "Anakoroga." Nikasikia kengele ya baiskeli ikigusanagusana na kitu. Kisha mume wangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa, "Shemeji, mimi sitaweza kuchimba mara mbili kwa mwaka mmoja." Mama Anaeli akamwambia asitamke maneno hayo tena. Nilisikia yote. Nilielewa kwamba wanasema ninakufa. Nililipokea jambo hilo kama habari ya ng'ombe wa mtu wa mbali.

Masika ya mwaka ule hayakuja. Mlima wa Meru ulivaa wingu kila asubuhi na kulivua kila mchana, na chini yake vumbi. Maua ya kahawa yalinyauka mitini. Maji ya mfereji yalipungua, na yaliyobaki yalipita kwanza kwenye mashamba ya wazungu huko juu kabla ya kutufikia sisi yakiwa matope. Wazee wa kanisa walikwenda bomani kumweleza bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Wakarudi na kusema bwana shauri amewajibu kwamba serikali haitengenezi mvua. Mzee Zakayo, aliyekuwa mkubwa wao, alisema basi waende kwa anayeitengeneza. Ndipo wakaamua usharika mzima ufunge siku moja, kuanzia kuamka hadi jua kuzama. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kufunga kukoje. Mmisionari aliyetufundisha katekisimu alikuwa ametaja kufunga kwa sentensi moja, akasema ni zoezi jema la mwili, akafungua ukurasa mwingine. Mchungaji akanijia shuleni, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mwalimu, wewe una subira ya kueleza," akasema. "Uwafundishe watu." Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu zaidi.

Tulikutana katika chumba cha pembeni ya kanisa, ambamo magunia ya kahawa ya wakulima yalihifadhiwa, kwa hiyo somo zima lilinuka maganda ya kahawa yaliyokauka. Akina mama walikaa juu ya magunia, wazee kwenye benchi moja ukutani. Niliwafundisha vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Mtu anaweza kufundisha vizuri akiwa hayupo. Niliwaeleza kwamba katika Biblia kufunga si adhabu wala si kumtishia Mungu, kama mtoto anayesusa chakula ili mama yake amhurumie. Niliwaeleza kuhusu Esta, aliyeomba watu wake wafunge pamoja naye kabla hajakwenda kwa mfalme asikoitwa, ili asiende peke yake. Niliwaeleza kuhusu Danieli, ambaye kuna wakati hakuacha kula kabisa ila aliacha vitu vitamu, kwa hiyo mwenye mwili dhaifu anaweza kuchagua cha kuacha. Niliwaeleza alivyoonya Isaya, kwamba mfungo wa mtu anayekaza ngumi na kuwatesa vibarua wake haufiki popote, na kwamba chakula unachokiacha ni cha kumpa asiye nacho. Na jinsi Bwana wetu alivyosema unawe uso na kujipaka mafuta, ili usitembee umekunja sura watu wakuone. Mama mmoja akauliza kama ugoro ni chakula. Nikamwuliza anautia wapi. Akasema puani. Wenzake wakamwambia basi siku hiyo pua yake nayo ifunge, na chumba kizima kikacheka. Nilingoja wamalize.

Mzee Zakayo alivutiwa na Ninawi, ule mji uliofunga baada ya kuhubiriwa na Yona. Alitaka nirudie pale ambapo mfalme anaamuru wanyama nao wasile wala wasinywe. Nikarudia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika na hakuuliza tena. Nikasema pia kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wasifunge, na mama aliyekuwa mbele yangu, mwenye mtoto kifuani, akanitazama, kisha, akimkumbuka Neema, akautazama mkono wake mwenyewe. Niliendelea. Somo la mwisho lilikuwa la mfalme Daudi. Mtoto wake aliugua, naye akafunga, akalala chini, akakataa kuinuliwa. Mtoto alipokufa, watumishi waliogopa kumwambia; wakadhani, kama hakula mtoto akiwa hai, sasa atajidhuru. Lakini alipofahamu aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta, akaingia kusali, kisha akarudi nyumbani kwake akaomba chakula, akala. Nililieleza hilo polepole, kwa mifano, kama ninavyoeleza kutoa na kujumlisha. Nikauliza kama kuna swali. Mama Anaeli, aliyekuwa ameketi nyuma juu ya gunia la mwisho, alinitazama sana. "Alikula nini?" akauliza. Nikamjibu kwamba Biblia haisemi. Akasema, "Mimi nadhani kitu laini." Nikafunga kitabu.

Neno moja nililolisema siku ile bila kulitazama pande zote lilikuwa hili: kwamba siku ya mfungo wasipike mchana, ili harufu isiwajaribu. Sikuwaambia wazime moto. Lakini wewe fikiri: kwetu moto haukuzimwa kamwe. Usiku ulifukiwa kwa majivu, asubuhi ukapulizwa, mwaka hadi mwaka, kwa ajili ya chai, ya maji ya mtoto, ya kumtoa ng'ombe baridi. Mtu aliyeambiwa asipike alijiuliza moto atauacha uwake kwa kazi gani, na kila mmoja, kwa uaminifu mkubwa na bila kumwambia mwenzake, akamwaga maji kwenye jiko lake.

Asubuhi hiyo nilitoka nje, nikaona mteremko mzima wa Akheri umesimama wazi kama picha. Siku zote kulikuwa na moshi uliopita kati ya migomba, wa buluu, unaopanda kutoka kwenye kila paa. Sasa niliweza kuhesabu matawi. Palikuwa kimya, isipokuwa sauti moja. Mzee Zakayo alikuwa amewafungia ng'ombe wake wote zizini bila majani wala maji, kama Ninawi, nao walikuwa wanalia kwa pamoja, na ndama wao wanaitikia. Mama Anaeli na akina mama wengine walipitia kwangu ili twende kanisani pamoja. Walikuwa wamenawa, wamejipaka mafuta, midomo imekauka. Mmoja akasema kama Mungu hatawasikia watu leo, basi atawasikia ng'ombe wa Zakayo. Hata mimi nilielewa kwamba hilo linachekesha.

Tukiwa bado uani tulisikia kilio kutoka upande wa mto. Ng'ambo ya ule mto walikaa Waarusha, wasemao Kimaa, lugha ya Wamasai, ambao wengi wao hawakuwa wa kanisa. Tulipishana nao sokoni, tukagombana nao juu ya maji, na wakati wa msiba kila upande ulivuka. Walikuwa wanapanda sasa kwa mstari, wanawake peke yao, wamebeba vibuyu vya maziwa vilivyozibwa kwa nyasi mbichi, na wanalia kama wanavyolia kwa ajili ya wafu. Mbele yao alikuwa bibi mmoja mrefu, kipara, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi kwa lugha yao. Tuliwaamkia, wakatupita tukiwa bado tunaamkia, wakaingia uani kwangu na kuketi chini.

Mama Anaeli alikulia karibu nao na Kimaa alikisema vizuri, kwa hiyo yeye ndiye aliyesikiliza na kututafsiria. Koko alisema kwamba alfajiri alitazama ng'ambo hii, akaona hakuna nyumba hata moja yenye moshi. Akawaamsha wengine. Walijua kwamba ugonjwa umetumaliza, maana hakuna kitu kingine kinachoweza kuzima mioto yote kwa siku moja, na wamekuja na maziwa yote ya asubuhi, ya wakati huu wa ukame, watoto wao watakunywa maji. Akina mama wakatazamana. Mmoja akaanza kuguna kicheko, akakizuia kwa kanga. Mama Anaeli akawaeleza wageni kwamba hakuna aliyekufa, tumefunga tu, tunaomba mvua. Koko alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo, na Mama Anaeli hakututafsiria. Tulimwambia atuambie amesema nini.

"Anauliza," akasema, "kama ni mfungo wa leo, mbona nyumba hii moja haina moshi tangu kiangazi?"

Koko akaendelea kusema, na sasa Mama Anaeli alitafsiri kila neno, akitazama chini. Kwamba yeye akiamka huketi mlangoni na kutazama ng'ambo, ni mzee, hana kazi nyingine. Kwamba aliona watu wakizika hapa baada ya sikukuu yetu, akasema moshi utarudi. Haukurudi. Kila siku akatazama. Alifikiri labda tumehama, lakini akaona gauni limeanikwa. Leo alipoona nyumba zote zimefanana na hii, alijua kwamba kifo kilianzia hapa na kusambaa, ndiyo maana amewaleta kwangu kwanza. Akasimama, akachomoa nyasi kwenye mdomo wa kibuyu chake, akaja, akakiweka mikononi mwangu.

Nilisimama nacho. Nataka uelewe kilichokuwa mikononi mwangu, kwa sababu vijana walioniuliza walidhani ni mzaha. Kulikuwa na mfungo wa usharika niliokuwa nimeufundisha mwenyewe. Kulikuwa na maziwa ya msiba, ambayo kuyakataa ni kumwambia aliyeleta kwamba unamtakia kifo kama chako. Na kulikuwa na mimi, ambaye miezi ile yote sikuwa nimekataa chakula wala kukitaka. Akina mama walikuwa wananingoja niwaeleze la kufanya, kama ilivyo kazi yangu. Nilifungua mdomo kusema kwamba tuwashukuru na kuyaweka kando mpaka jioni. Ni jibu zuri, na baadaye lilitumika. Lakini Mama Anaeli aliniwahi. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia jioni zote alizoniletea kaa, wala hakuipandisha.

"Kunywa, Mama Neema. Hawa wamefunga. Wewe hujafunga, wewe umeacha."

Nilikunywa. Waarusha husafisha vibuyu vyao kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa mwituni, kwa hiyo maziwa yao yana ladha ya moshi. Hilo ndilo nililolisikia kwanza, moshi, nyuma ya ulimi, kabla ya utamu. Sikulia. Watu wakisimulia habari hii hupenda kunifanya nilie, lakini mimi nilikuwepo na sikulia. Nilikunywa kama mtu anayefanya kazi aliyopewa, nikapumua, nikanywa tena, na tumbo likauma, na nikashangaa kidogo kwamba linauma mahali fulani, kwamba lina mahali. Koko alishika kitako cha kibuyu kwa kidole kimoja mpaka nilipomaliza nilichoweza.

Habari zilifika kanisani kabla yetu. Mzee Zakayo alisimama katikati ya maombi, huku ng'ombe wake wakisikika kupitia dirishani, akauliza iwapo ni halali usharika ufunge na mwalimu wa mfungo anywe. Mchungaji akanitazama, akasema nieleze. Nikatembea mbele. Niliwaambia yale yale ya Daudi, ila sasa kwa kifupi kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote. Nikasema kufunga ni kuweka chini kitu unachokitaka, kwa ajili ya kitu unachokitaka zaidi, na mimi nilikuwa sina cha kuweka chini. Nikasema nitafunga pamoja nao siku nikiwa na njaa. Mchungaji akasema wageni wasirudishwe, maziwa yao yapokelewe, yatunzwe chini ya madhabahu mpaka jua kuzama, na wote wafungue kwayo pamoja na walioyaleta. Na akamwomba Mzee Zakayo, kwa heshima, akawape ng'ombe majani, maana mfalme wa Ninawi hakuwa anakamua. Zakayo alitoka. Ng'ombe wakanyamaza, lakini yeye hakurudi, na katika maisha yake yote hakuketi tena kwenye somo langu.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Baadhi ya wale wanawake wa ng'ambo walikasirika kwamba wamelilia watu walio hai, wakaondoka na vibuyu vyao. Waliobaki waliketi kivulini mchana kutwa, na wenzetu wakaketi nao, mara wanasinzia, mara wanaulizana habari za mifugo. Jua lilipozama ikaonekana kwamba hakuna moto wa kupikia ndizi katika mtaa mzima, na ilibidi watu wavuke mto kwenda kuomba makaa kwa Waarusha, ambao walicheka njia nzima. Mvua haikunyesha siku ile wala juma lile. Ilinyesha baadaye, kidogo, kwa kuchelewa, na mahindi yalikuwa mabaya. Sikufundisha kamwe kwamba mfungo ule ulileta mvua, na wewe usifundishe hivyo.

Jioni hiyo Mama Anaeli alipita kwangu na kaa kwenye kigae, kaa lililotoka ng'ambo kama makaa mengine yote. Aliliweka mwenyewe kati ya mafiga, akaondoa utando wa buibui kwa mkono, akachuchumaa akalipuliza, akabaki hapo. Kila alipokuwa akileta makaa yale alinikabidhi mlangoni akaondoka; siku ile hakuondoka. Alichemsha maji, akapika uji mwepesi wa ulezi, akamimina vikombe viwili, akaanza kunywa chake. Nikanywa changu. Hatukuzungumza juu ya Neema. Alinisimulia jinsi alivyokuwa anaumwa kichwa tangu mchana, na kwamba kufunga ni kazi ngumu, hakujua. Jumamosi mume wangu alipofika aliona moshi tangu kule bondeni. Aliniambia kwamba alishuka kwenye baiskeli akaisukuma, kwa sababu hakutaka kufika haraka akakuta amekosea. Mwezi ule ulikuwa Ramadhani, na tajiri wake alikuwa amempa tende zilizofungwa kwenye gazeti. Alisema kila magharibi tajiri yule huwaita wote walioko barazani, aliyefunga na asiyefunga, hata yeye Mlutheri, waanze kula kwa wakati mmoja. Tulizila tende zile mezani, na mbegu tukaziweka kwenye kisahani. Mwaka ulipokuwa unakwisha alifumua mishono ya gauni langu, mmoja baada ya mwingine.

Sijui niliacha lini kuwa vile nilivyokuwa. Hakukuwa na siku. Mstari wa ukutani tuliupaka chokaa miaka mingi baadaye, watoto wengine walipokuwa wamechora mingine, na hata wakati huo nilishika brashi bila kusikia nilichotarajia. Mwezi uliopita kaburini pia nilisimama hivyo hivyo, nimekauka, udongo mkononi, nikisubiri. Halafu nilirudi nyumbani, mjukuu akaniuliza kama nitakula, nikasema ndiyo, nikala. Hicho ndicho nilichojifunza mwaka ule, nami nimekitumia mara nyingi.

Basi wanangu mliosogeza viti vya plastiki, na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, fungeni siku hiyo kwa moyo mweupe. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha wale. Jioni ikifika anzeni na kitu laini, kidogo kidogo, na asifungue mtu peke yake. Lakini kabla ya kwenda kanisani asubuhi hiyo, mfikirie mtu mmoja katika mtaa wako aliyezika mwaka huu. Siku hizi tunapikia gesi, hakuna tena moshi wa kutazama kutoka ng'ambo. Nenda mlangoni kwake upige hodi.